Darubini nne na miwani moja: uchambuzi wa kisa cha mtazamaji ndege

Swali lililoletwa kwangu lilikuwa fupi: kwa fedha ile ile, mtazamaji ndege anunue darubini mpya ya daraja la kati au iliyotumika ya daraja la juu? Aliyeuliza ni mwalimu mstaafu mwenye umri wa miaka 62, ambaye kwa muda mrefu alikuwa akitazama ndege kwa darubini ndogo ya mfukoni ya 10x25 (inayokuza mara kumi, yenye lenzi ya mbele ya milimita 25), na ambaye sasa alikuwa ametenga fungu moja la fedha, lisiloongezeka, kwa ajili ya darubini aliyotumaini kuwa ndiyo ya mwisho kuinunua. Alikuwa na orodha ya darubini nne mkononi na alitaka tu nimwambie aanzie na ipi. Nimekieleza kisa chake kwa urefu kwa sababu jibu nililompa mara ya kwanza lilikuwa na kosa, na kosa lenyewe ni la aina ambayo mtu mzoefu hulifanya kwa wepesi kuliko mwanagenzi.

Alizoea kutazama ndege alfajiri, ukingoni mwa msitu na kwenye mabwawa, mahali ambapo ndege wadogo wa kahawia hujitokeza kwenye majani kwa sekunde mbili tatu kisha hutoweka. Mikono yake ilikuwa na mtetemo mdogo, wa umri wala si wa maradhi. Tena alivaa miwani, na haikuwa miwani ya kuvaliwa na kuvuliwa apendapo, kwa kuwa macho yake yana astigmatizimu, yaani uso wa mbele wa jicho haukupinda kwa kiasi kimoja kila upande, kasoro ambayo gurudumu la fokasi haliwezi kuirekebisha. Mtu asiyeona vyema mbali tu, au karibu tu, huweza kuvua miwani, akazungusha fokasi na kuona sawasawa. Mwenye astigmatizimu kubwa hana njia hiyo. Jambo hili alilitaja kwa kupita, tukiwa tumekwisha kuzungumza karibu saa nzima kuhusu ukuzaji, nami nikaliandika pembezoni mwa karatasi kana kwamba lilikuwa dogo.

Darubini zenyewe zilikuwa hivi. Ya kwanza ilikuwa mpya, 10x42 ya daraja la kati, yenye dhamana ya kiwanda, na bei yake ilimaliza fungu lote. Ya pili ilikuwa 8x40 iliyotumika, kutoka kiwanda chenye jina kubwa, iliyotengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Muuzaji aliisifu kwa jina lake na kwa mfuko wake wa ngozi, na bei yake ilikuwa sawa na ya ile mpya. Ya tatu ilikuwa 8x42 iliyotumika kwa takriban miaka 12, ya kiwanda kisichojulikana na wengi, ambayo enzi za upya wake iliuzwa karibu mara mbili ya fungu la mwalimu na sasa iliombewa robo tatu ya fungu hilo. Ya nne haikuwa ya kununuliwa: 8x30 ya mabega mapana, ya tangu miaka ya 1960, iliyoachwa na marehemu kaka yake, yenye vumbi na gurudumu zito. Hii aliitaja kwa heshima ya marehemu, si kwa kuitegemea. Majina ya viwanda nayaacha, kwa sababu hukumu itakayofuata ni ya vyombo vinne vilivyoshikwa mkononi, na darubini nyingine ya kiwanda kile kile ingeweza kuleta hukumu tofauti.

Mwalimu aliipenda ya kwanza kwa sababu ya ile namba 10. Alikwisha kuzoea kukuza mara kumi na aliona kushuka hadi nane kuwa ni kurudi nyuma. Hapo ndipo nilipoanzia, kwa kuwa namba mbili zilizoandikwa kwenye darubini hazisomwi kila moja peke yake. Ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita, na ukiigawa ya pili kwa ya kwanza unapata kipenyo cha duara la mwanga linalotoka kwenye lenzi ya jicho kuingia kwenye mboni. Darubini yake ya mfukoni ilimpa duara la milimita 2.5. Mchana wa jua mboni hujibana kufikia milimita 2 au 3, kwa hiyo duara hilo lilimtosha, na ndiyo maana hakuwahi kuilalamikia darubini hiyo saa za mchana. Alfajiri mboni hupanuka, duara hubaki lile lile, na kinachoonekana ni picha yenye giza. Ile 10x42 ingempa milimita 4.2, 8x42 ingempa 5.25, 8x40 ingempa 5, na 8x30 ya marehemu 3.75. Mboni ya mtu wa umri wake kwa kawaida haipanuki kufikia milimita 7 kama ya kijana, hivyo hakukuwa na haja ya kutafuta duara kubwa zaidi ya hapo. Lakini duara pana kidogo kuliko mboni lina faida nyingine ambayo matangazo hayaitaji: jicho hupata mahali pa kutangatanga, na picha haikatiki kwa vivuli vyeusi kila mkono unapotikisika.

Kuhusu mtikisiko wenyewe hesabu ni nyepesi. Darubini hukuza kila kitu, pamoja na mtetemo wa mkono, na kumi ni robo zaidi ya nane. Mtu mwenye mkono imara, anayetazama ndege wa majini kutoka kwenye kibanda chenye mahali pa kuegemeza viwiko, anaweza kuifaidi ile robo. Mtu anayesimama ukingoni mwa msitu, akiinua darubini ghafla kumfuata ndege asiyetulia, mara nyingi huona maelezo machache kwa ukuzaji wa kumi kuliko kwa nane, kwa sababu manyoya anayotaka kuyachunguza hayatulii machoni pake. Hapo pia uwanja wa kuona unahusika. Ile mpya iliandikiwa uwanja wa mita 105 kwa umbali wa mita 1000, na ile ya tatu mita 131. Tofauti ya mita 26 inaonekana ndogo mpaka ukumbuke kwamba uwanja ni duara: eneo linaloonekana katika ile ya pana ni zaidi ya mara moja na nusu ya lile la nyembamba, na ndege aliyeruka kutoka tawi moja hadi jingine ana nafasi kubwa zaidi ya kubaki ndani yake.

Hadi hapo nilikuwa bado nazungumzia namba za karatasini. Karatasi aliyokuwa ameiandaa mwalimu ilikuwa na safu ya ukuzaji, ya kipenyo, ya uzito, ya uwanja na ya bei, lakini haikuwa na safu ya kitu nitakachokiita nafasi ya jicho, yaani umbali kutoka kwenye lenzi ya jicho ambapo jicho likikaa huona uwanja mzima. Asiyevaa miwani huweka jicho popote anapotaka kwa kuvuta au kuzungusha vikombe vya raba. Mwenye miwani hana hiari hiyo, kwa kuwa kioo cha miwani tayari kimemweka mbali kwa milimita 12 au zaidi. Ile mpya iliandikiwa nafasi ya jicho ya milimita 15, ambayo wengi huihesabu kuwa inatosha wavaa miwani. Tatizo ni kwamba viwanda hupima kutoka kwenye uso wa kioo, na kioo hicho mara nyingi kimezama ndani ya kikombe kwa milimita mbili au tatu, kwa hiyo kinachobaki kwa mtumiaji ni pungufu ya kilichoandikwa.

Sikutaka kubishana naye kwa milimita. Tulizichukua darubini zote nne (wauzaji wa zile mbili zilizotumika walikubali tuzijaribu, na ile mpya tuliijaribu mlangoni mwa duka) na kila moja tulielekeza kwenye ua mrefu wenye nguzo zilizopandwa kwa nafasi sawa, tukisimama mahali pale pale. Mwalimu alihesabu nguzo zilizoingia kwenye duara mara mbili: kwanza bila miwani, bila kujali ukungu wa picha, kisha na miwani. Kwa ile mpya alihesabu 21 bila miwani na 15 alipovaa. Kwa ile ya tatu alihesabu 26 bila miwani, na 26 alipovaa. Kwa ile 8x40 yenye jina kubwa zilikuwa 26, zikashuka hadi 20. Ile ya marehemu ilitushangaza wote wawili: nguzo 30 bila miwani, kuliko zote, lakini alipovaa miwani zilibaki 14, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo.

Jaribio hili ni rahisi kiasi kwamba najionea haya kulieleza kama ugunduzi, lakini liligeuza mazungumzo yote. Mwalimu aliyekuwa tayari kulipa fungu zima kwa ajili ya ukuzaji wa kumi aliona kwa macho yake kwamba angekuwa ananunua mita 105 na kutumia mita 75 tu. Wala hilo halikuwa kosa la darubini, kwani mtu asiyevaa miwani angeipata yote. Tangu siku hiyo swali la mpya au iliyotumika likashuka hadi nafasi ya pili, na swali la kwanza likawa ni ipi kati ya hizi inayoukubali uso wa mwalimu.

Ile 8x40 ilihitaji maelezo ya namna nyingine, maana mwalimu hakuiacha kwa urahisi. Jina lililochongwa juu yake ni jina ambalo watazamaji ndege hulitamka kwa kupunguza sauti, na kwa kweli kazi ya chuma na bawaba ilikuwa ya kupendeza hata baada ya miongo minne. Lakini darubini za mirija iliyonyooka, kama hiyo, hutumia prizimu za paa, yaani vipande vya kioo vinavyogeuza njia ya mwanga, zinazoitwa hivyo kwa sababu nyuso mbili za kioo hukutana kama paa la nyumba. Mwanga unaopita hapo hugawanyika nusu mbili, na nusu hizo zinapoungana tena mawimbi yake hayalingani sawasawa, jambo ambalo hufifisha maelezo madogo na kupunguza utofauti kati ya weusi na weupe. Dawa yake ni mpako maalumu wa kusawazisha mawimbi, ambao Zeiss, kiwanda cha vioo cha Ujerumani, waliuingiza kwenye darubini zao mwaka 1988, na viwanda vingine vikafuata. Darubini ya prizimu za paa iliyotengenezwa kabla ya hapo haina mpako huo, hata iwe na jina gani, na leo darubini mpya za bei ya wastani kwa kawaida zinao. Ndiyo kusema, muuzaji alikuwa akiomba bei ya kazi ya chuma na ya jina, ilhali mnunuzi alihitaji kulipia kioo.

Ajabu ni kwamba ile ya marehemu, iliyo kongwe zaidi na isiyo na jina la kutisha, haikuwa na udhaifu huo. Darubini za mabega mapana hutumia prizimu za Porro, zilizoitwa kwa jina la Mwitalia Ignazio Porro aliyezisajili mwaka 1854, na mpangilio wake hauvurugi mawimbi kwa namna ile. Hazihitaji mpako wa kusawazisha. Udhaifu wake uko kwingine. Kila uso wa kioo usiopakwa unapokutana na hewa hurudisha nyuma takriban asilimia 4 au 5 ya mwanga, na darubini yenye nyuso kumi za namna hiyo ingepoteza karibu theluthi moja hadi asilimia 40 ya mwanga wote kabla haujafika kwenye jicho. Ndiyo maana kazi ya Alexander Smakula, aliyebuni mpako wa kuzuia mrudisho akiwa Zeiss mwaka 1935, ilikuwa na uzito mkubwa. Lenzi za ile 8x30 zilitoa mng'ao wa buluu zilipoinamishwa kwenye mwanga, dalili ya mpako wa tabaka moja. Darubini za sasa zilizopakwa tabaka nyingi kila uso hutoa mng'ao hafifu wa kijani au zambarau, na hasara kwa kila uso hushuka chini ya asilimia moja. Picha ya ile kongwe ilikuwa safi lakini na umanjano kidogo, na ilififia mapema jioni. Kwa mtu asiyevaa miwani, akitazama saa za mchana, ningeisifu bila kusita. Kwa mwalimu, nguzo 14 zilikwisha kuamua.

Ikabaki ile ya tatu, na hapa ndipo ukaguzi wa chombo kilichotumika unapohitaji uvumilivu. Kwanza nilimulika tochi ndogo kupitia lenzi ya mbele, nikachungulia kutoka upande wa jicho kwa pembe, kisha nikageuza. Vumbi lilikuwapo na sikulijali, kwa sababu chembe chache za vumbi ndani ya mrija hazionekani kwenye picha. Nilichokuwa nikikitafuta ni nyuzi nyembamba kama utando wa buibui zinazoanzia ukingoni mwa lenzi, maana hizo ni kuvu, na kuvu hula mpako na hatimaye hata kioo chenyewe. Nilitafuta pia ukungu wa kijivu unaotanda sawasawa, ambao huletwa na mvuke wa grisi iliyozeeka, na mistari ya rangi za upinde ukingoni, ambayo huonyesha kwamba gundi inayounganisha vioo viwili imeanza kuachia. Hakukuwa na hata kimoja. Michubuko miwili midogo ilionekana kwenye lenzi ya mbele, nayo nikaipuuza, kwa kuwa mchubuko wa mbele hauna athari kubwa. Ungekuwa kwenye lenzi ya jicho ningesita.

Niliielekeza darubini kwenye ukuta mweupe na kuishika mbali na macho ili nione yale maduara mawili ya mwanga. Yalikuwa ya mviringo kamili, bila kingo za kijivu zilizokatwa mraba ambazo hutokea prizimu za kioo cha bei nafuu zinapokata pembe za mwanga. Gurudumu la fokasi lilizunguka bila ulegevu, maana nililipeleka mbele kidogo na kulirudisha nikaona picha ikifuata mara moja pande zote mbili. Bawaba ilibaki pale ilipoachwa. Kifuniko cha dayopta, kile kinachorekebisha tofauti kati ya jicho la kulia na la kushoto, hakikuteleza. Raba za kuzibia maji zilionekana salama, ingawa nakiri kwamba hakuna mtu anayeweza kujua kwa kutazama tu kama naitrojeni iliyojazwa ndani dhidi ya ukungu bado imo baada ya miaka 12.

Mwisho nilipima kama mirija miwili inatazama mahali pamoja. Njia niliyoitumia ni ile ya kawaida: unatazama mstari wa mlalo ulio mbali, kwa mfano ukingo wa paa, kisha unaondoa darubini polepole mbele ya uso mpaka maduara mawili yatengane, huku ukiangalia kama mstari unapita kwenye maduara yote mawili bila kuvunjika ngazi. Mstari ulipita sawa. Nikamwambia mwalimu ainunue, na akainunua siku hiyo hiyo, akiwa na ahadi ya muuzaji kwamba angeweza kuirudisha ndani ya siku 7. Ahadi hiyo mwalimu ndiye aliyeidai. Mimi nilikuwa nimeridhika kiasi kwamba sikuikumbuka.

Siku ya tatu alinijulisha kwamba picha ilikuwa nzuri kuliko kitu chochote alichowahi kukitumia, lakini baada ya nusu saa alipata maumivu nyuma ya macho, na akaiacha. Dhana yangu ya kwanza ilikuwa kwamba dayopta haikuwa imewekwa sawasawa. Nikamweleza afunike lenzi ya mbele ya kulia, arekebishe picha ya jicho la kushoto kwa gurudumu la kati, kisha afunike ya kushoto na kurekebisha ya kulia kwa dayopta peke yake, macho yote mawili yakiwa wazi wakati wote. Alifanya hivyo, na maumivu yakarudi. Nilipokwenda kuitazama tena darubini nikaweka mstari wa paa kwenye maduara mawili, na ukapita sawa kama mara ya kwanza. Nilikuwa karibu kumwambia kwamba miwani yake ndiyo ihitajiyo kupimwa upya.

Kilichoniokoa ni kwamba aliichukua darubini mkononi mwangu, akaibana bawaba ili iingie kwenye macho yake, akanirudishia bila kuikunjua. Macho yangu yamekaa mbalimbali, mboni hadi mboni karibu milimita 67. Yake yamekaribiana, takriban 58. Nilipotazama kwa upana wake, kwa kuondoa darubini usoni, mstari wa paa ulivunjika: upande wa kulia ulikuwa juu ya ule wa kushoto kwa kiasi kidogo lakini dhahiri.

Maelezo yake ni haya. Ili darubini iwe imelinganishwa kikamilifu, mhimili wa mrija wa kushoto na ule wa kulia lazima iwe sambamba na mhimili wa bawaba yenyewe, na hapo mirija itatazama mahali pamoja kwa upana wowote utakaochaguliwa. Lakini darubini iliyoanguka inaweza kurekebishwa kwa njia ya mkato, fundi akilinganisha mirija miwili kwa upana mmoja tu, wa macho yake au wa mteja wake, bila kuirejesha kwenye mhimili wa bawaba. Kwa upana huo picha huwa moja; ukibana au ukipanua, mirija huzunguka bawaba na kosa hujitokeza. Macho ya binadamu huvumilia kwa kiasi picha zinazokaribiana kwa upande wa ndani, kwa sababu ndivyo yanavyofanya kila siku kwa kusoma, lakini hayana uzoefu wa jicho moja kupanda na jingine kushuka. Misuli huhangaika kuziunganisha, inafaulu kwa dakika kadhaa, na kichwa ndicho kinacholipa. Darubini ile ilikuwa imerekebishwa, pengine baada ya kuanguka, kwa mtu mwenye macho yenye upana kama wangu. Muuzaji huenda hakujua. Mimi niliipima kwa uso usiokuwa wa mnunuzi, nikaiona nzima.

Ilirudishwa siku ya tano, na fedha zote zikarejeshwa. Kuirekebisha kikamilifu kungewezekana, kwa fundi mwenye kifaa cha kulinganishia, lakini makadirio tuliyopewa yalikuwa karibu theluthi moja ya bei ya ununuzi, na yangeipandisha gharama yake hadi kulingana na fungu lote bila dhamana yoyote. Hapa ndipo hesabu ya kilichotumika inapowapotosha wengi: hulinganisha bei ya leo na bei ya zamani ya kitu kikiwa kipya, wakafurahia nusu waliyookoa, ilhali kinacholinganishwa kwa haki ni bei ya leo pamoja na ukarabati unaowezekana, dhidi ya kitu kipya cha leo ambacho kina mipako bora kuliko cha daraja lake miaka 12 iliyopita. Teknolojia ya vioo vya darubini haikimbii kama ya simu, na darubini nzuri ya miaka 15 bado ni nzuri. Lakini mipako ya daraja la kati imesogea mbele vya kutosha kupunguza sana pengo lile ambalo zamani lilikuwa bonde.

Mwalimu alisubiri wiki sita. Katika muda huo aliendelea na ile 10x25 na kulalamika. Alichokipata mwishoni hakikuwa kipya kabisa wala hakikuwa kimetumika: 8x42 ya maonyesho, iliyokaa juu ya meza ya duka kwa ajili ya wateja kuijaribu, ikauzwa kwa punguzo wakati toleo jipya lilipokuwa linaingia, dhamana ya kiwanda ikiwa kamili. Nafasi yake ya jicho iliandikwa milimita 17. Safari hii sikuigusa kwanza. Yeye ndiye aliyeibana bawaba kwa upana wake, akatazama mstari wa paa, akaupanua hadi mwisho na kuubana hadi mwisho huku akiondoa darubini usoni kila mara, kisha akakaa nayo nje ya duka kwa dakika 40 akitazama mbayuwayu waliokuwa wakiingia na kutoka chini ya paa la jengo la jirani. Mwenye duka alimletea kiti. Nguzo zilikuwa 25 bila miwani na 25 kwa miwani.

Darubini hiyo ina kasoro, nami nilimwonyesha kabla hajalipa. Haina kioo cha aina ile inayozuia vyema rangi kutawanyika, kwa hiyo korongo mweupe akisimama mbele ya anga angavu huonekana na uzi mwembamba wa zambarau kwenye shingo yake. Kingo za duara hupoteza ukali, kama sehemu moja ya tano ya mwisho. Fokasi ya karibu inaishia mita 2.5, inayotosha ndege lakini itamkera siku atakapoanza kutazama vipepeo, jambo ambalo watazamaji ndege wengi huishia kulifanya. Aliyapima hayo na kuyakubali, akisema kwamba uzi wa zambarau haujawahi kumuumiza mtu kichwa.

Ile ya marehemu kaka yake ilikwenda kwa fundi, kwa gharama ndogo, ikasafishwa ndani na kutiwa grisi mpya kwenye gurudumu. Binti yake mwalimu, ambaye havai miwani, ndiye anayeitumia sasa. Mara ya kwanza aliposimama mbele ya ua ule alihesabu nguzo 30, akamgeukia baba yake kumuuliza kwa nini alikuwa akihangaika kutafuta nyingine.